Wiki nane bila hodi: Somoe na hewa ya mabanda ya kuku

Saa tatu na dakika tano asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Julai, Somoe Kondo anasukuma geti la mabati la nyumba ya watu bila kubisha. Haiti, hakohoi, hata kandambili zake hazitoi sauti. Anapita kando ya karo la kufulia, anazunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye banda la kuku, anatua deli la bluu alilojitwisha, lile sanduku la plastiki la kuuzia barafu, na ndani yake anatoa kisanduku cha njano chenye ukubwa wa redio.

Kuku mia sita wa mayai wanamtazama, kisha wanaendelea na shughuli zao. Mwenye kuku hana utulivu huo. Mwalimu Demetria Ngaiza, mstaafu mwenye umri wa miaka 66, anatokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Shikamoo Mwalimu," Somoe anaamkia, jicho liko kwenye saa.

"Marahaba ya nini? Umeanza lini kuingia kwa watu kama kuku?"

"Nisamehe, Mwalimu. Leo ndo mwisho."

"Mwisho wa nini? Hata mdai kodi anapiga hodi!"

Somoe anatundika kisanduku kwenye msumari, upande ule ambako upepo unatokea bandani, na kubonyeza kitufe. Pampu ndogo iliyo ndani inaanza kuvuta hewa. Imebaki chini ya nusu saa kabla ya setilaiti kupita juu ya Dar es Salaam, na Somoe hana nafasi ya kugombana na mtu anayempenda. Mwandishi wa simulizi hii, aliyeingia nyuma yake, anajikuta amejibanza kando ya tangi la maji kwa aibu.

Hapa ni mtaa wa Machimbo Mapya, mbele ya Mbagala, wilayani Temeke. Nyuma ya karibu kila ukuta kuna banda. Wafugaji walioandikishwa ni 143, wengi wao wastaafu, wajane na walinzi wa usiku ambao mshahara hauwafikishi tarehe kumi na tano. Mwezi Machi waliambiwa kwamba huenda wakatakiwa kuondoa kuku wote ifikapo Septemba. Sababu ilikuwa ramani moja iliyoupaka mtaa wao rangi nyekundu, na ramani hiyo ilitokana na kazi ya mikono ya Somoe mwenyewe.

Ndiyo maana anaingia bila hodi. Anajaribu kuwaokoa, na kwa wiki nane hakuruhusiwa kumwambia hata mmoja wao.

Anachopima ni amonia, gesi isiyoonekana lakini inayokata pua na kutoa machozi. Ndiyo harufu ya banda lililolowa, ya choo kilichofungiwa, ya mbolea ya urea ikiguswa na mvua. Ikipanda hewani hukutana na moshi wa magari na viwanda, na pamoja hufanya vumbi jembamba sana linaloingia mpaka ndani ya mapafu. Jiji lenye kikohozi kisichoisha lina haki ya kujua gesi hiyo inatoka wapi.

Kujua si kazi rahisi. Setilaiti inapita asubuhi, mnamo saa tatu na nusu, ikisoma joto linalopanda kutoka ardhini na kutambua sehemu iliyofyonzwa na amonia njiani. Lakini doa moja la setilaiti, yaani eneo inaloliona kwa mara moja, lina upana wa kilomita kumi na mbili. Ndani ya doa hilo mna mabanda, madampo, vyoo, mashamba ya mchicha na bustani za wenye nazo. Inatoa jumla, haitaji majina.

"Ni kama mtu aliye ghorofa ya kumi," Somoe anaeleza huku akifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Harufu ya pilau anaipata, ila hajui linapikwa kwa nani. Mie ndo natumwa chini nikafunue masufuria."

Anayemtuma ni Dk. Bupe Mwaisumo, 36, mtafiti wa chuo kimoja upande wa Kinondoni. Kazi ya Bupe ni kuichukua jumla ya setilaiti na kuiingiza kwenye programu ya kompyuta pamoja na upepo, joto na vipimo vya Somoe vya ardhini. Programu hiyo, ambayo watafiti huiita modeli, ndiyo inayogawa: kiasi hiki ni cha kuku, kiasi hiki ni cha dampo, kiasi hiki cha vyoo. Vipimo vya chini vikikosea, mgao wote unakosea, na lawama inampata asiyehusika.

Somoe, 47, mama wa watoto watatu, aliishia darasa la saba. Amonia hakuifahamu kwa vitabu.

Mwaka 2016, mwezi wa Aprili, alikuwa na kuku wa nyama 280 katika mtaa huuhuu. Mvua za masika zilipokazana, akaogopa wasipigwe na baridi. Akashusha maturubai pande zote nne na kuyakaza kwa misumari. Alipofungua asubuhi ya tatu, hewa iliyotoka ilimrudisha nyuma. Mia mbili na kumi walikuwa wamekufa. Waliobaki walikuwa wamefumba macho yaliyojaa usaha.

"Nikadhani nimerogwa," anasema, na anacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Bwana mifugo akaja akanusa, akaniambia, mama, hakuna mchawi hapa, umewafungia na mkojo wao. Mie mwenyewe ndo nimewaua. Nililia mpaka nikaishiwa."

Hakurudi kufuga. Aliuza maandazi na kufulia watu nguo, mpaka miaka miwili iliyopita Bupe alipofika Machimbo Mapya akitafuta mtu anayejua kuku na asiyeogopa harufu. Malipo ni shilingi elfu thelathini kwa siku ya kupima, siku tatu kwa wiki. Watoto wa mtaani humkimbilia wakiliona deli, wakidhani anauza lambalamba. Wakikuta vichupa vya plastiki wanaondoka wamenuna.

Pua yake ilithibitika mapema. Wiki ya kwanza ya mradi, hata vichujio vya kunasia gesi ambavyo havijafunguliwa vilisoma amonia tele, na wasomi wakashinda siku mbili wakichunguza mashine. Somoe alifungua deli lile, lililonunuliwa kwa mtu, akaingiza kichwa ndani.

"Nikawaambia, hili lilikuwa la papa. Nyie hamjui papa anavyonuka? Chimbo la amonia lenyewe hilo!" Likanunuliwa deli jipya. Tangu siku hiyo papa haliwi nyumbani kwa Somoe siku ya kuamkia kipimo, na mumewe, ambaye ni mtu wa Kilwa, analalamika mpaka leo.

Basi alipimaje vibaya, mtu mwenye pua ya namna hiyo? Kwa adabu.

Duru ya kwanza ya vipimo vya ramani ilikuwa Desemba mpaka Februari. Kila jioni kabla ya kwenda kwa mtu, Somoe alituma ujumbe wa simu: "Kesho saa tatu naja, msijisumbue." Alilelewa Pwani, na huko mtu haendi kwa mwenzake kama mvamizi. Hata ukienda kudai chako, unatanguliza taarifa, na mlangoni unapiga hodi mara tatu.

Mwezi Machi ramani ikatoka. Asilimia 61 ya amonia yote ya eneo hilo ilihesabiwa kuwa ya mabanda ya kuku, na ofisi ya kata ikaanza kuzungumzia kuyahamisha. Bupe aliamini namba zake. Somoe naye aliziamini, kwa kuwa kila asubuhi ya kipimo macho yake yalitoka machozi.

Alhamisi moja alikwenda kwa Mwalimu Demetria, bila kisanduku na bila ujumbe, kumpa pole tu. Mayai ndiyo yanayomtunza Mwalimu na mdogo wake aliyepooza. Wakakaa kwenye kigoda na ndoo, kando ya banda, wakalia wote wawili.

"Nimelia kama nusu saa," Somoe anakumbuka. "Halafu nikashtuka. Mbona macho hayaniwashi? Nalia kwa uchungu tu, banda halinichomi."

Akainuka, akachungulia ndani. Maranda ya mbao yaliyotandikwa sakafuni yalikuwa yamekauka na kushikana kama ukoko wa wali. Harufu ilikuwepo, ila ya kawaida.

"Mwalimu, leo umefanya nini bandani?"

"Sijafanya kitu. Nina moyo wa kufanya?"

"Na siku nikijaga kupima?"

"Siku ukijaga si ndo tunaamka saa kumi na moja! Tunapindua maranda yote, tunamwagia maji sakafu, tunasugua. Mgeni aje akute uchafu? Nyumba hii?"

Kinyesi kikikauka hufanya gamba, na gamba hilo huishikilia gesi. Ukilipindua na kulilowesha, gesi ya wiki nzima inatoka kwa mkupuo, na inatoka kwa saa kadhaa. Wafugaji walikuwa wakiifungulia alfajiri, kwa heshima yake, na yeye alikuwa akifika saa tatu kuikusanya.

Siku mbili zilizofuata alipita kwa wafugaji wengine wanne kwa visingizio vya kuazima ungo na kuulizia kibarua. Jibu lilikuwa lilelile. Mmoja alikuwa akitia na sabuni ya unga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Machimbo Mapya mgeni alikuja, na wenyeji nusura waangamie kwa usafi wao.

Jumatatu asubuhi alipanda mpaka ofisini kwa Bupe.

"Daktari, ile ramani ina uongo," alimwambia. "Na muongo ni mie."

Bupe anakiri kwamba jambo la kwanza alilolisikia moyoni lilikuwa hasira. "Namba zilikuwa zimeshafika kata. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikazitetea," anasema. "Na nilimuuliza wazi: dada Somoe, wewe ulikuwa mfugaji wa mtaa ule. Nitajuaje kwamba huwatetei wenzio?"

"Swali lilikuwa halali," Somoe anasema. "Liliniuma, lakini halali."

Walichoamua siku hiyo ndicho kilichomfanya Somoe kuwa adui wa mtaa. Vipimo vingerudiwa kwa wiki nane, Juni na Julai, masika yakishapita na anga ikishatakata. Kila siku ya kipimo kompyuta ingechagua nyumba kwa kura, na jina lingetumwa kwa Somoe saa moja asubuhi, ili hata yeye asilijue mapema. Asitoe taarifa wala asipige hodi, kwa kuwa hata sekunde za kusubiri mlangoni zilimtosha mfugaji kushika koleo. Na asieleze sababu, maana mfugaji akishajua kwamba kupindua maranda kunampandishia namba, ataacha kuyapindua hata siku anayopaswa. Ruhusa ilikuwepo: wafugaji walitia saini mwanzoni kwamba wapimaji waweza kupita wakati wowote wa mchana. Hakuna aliyedhani kuna mtu atalichukulia neno hilo kama lilivyoandikwa.

"Nilimwambia Daktari, mama yangu angekuwa hai angenilaani," Somoe anasema. "Kisha nikamwambia, nipe ratiba."

Bupe aliandika barua kata kuomba namba za kwanza zisitumike. Mwenyekiti wa mtaa, Anselmo Haule, mtu wa maneno machache, hakufurahi. "Nililetewa ramani, nikaambiwa ni sayansi, nikaipeleka kwa watu. Kisha nikaletewa barua ya kuifuta," anasema. "Niliwaambia, nyie wasomi mnatuchezesha. Lakini nikawapa mpaka katikati ya Agosti."

Wiki ya pili Somoe aliingia uani akamkuta mzee wa watu anaoga kwa kopo. Wiki ya tatu mbwa alimchana sketi, akapima akiwa amejifunga kanga mbili. Wiki ya tano, kwenye harusi ya jirani, wanawake aliocheza nao ngoma tangu usichana walimpa sahani ya chakula, hawakumpa neno. Zubeda, mfugaji wa nyumba ya nne, alimwambia mbele ya watu, "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Hapo ndo nilitaka kusema yote," Somoe anasema. "Mdomo ulikuwa ushafunguka. Nikajaza wali."

Nyumbani mumewe alimshauri aache. Maandazi hayana maadui, alisema. Somoe alimjibu kwamba kosa alilolifanya yeye lisingesahihishwa na mtu mwingine, na kesho yake saa moja alikuwa amekaa kibarazani, simu mkononi, akisubiri jina.

Katika siku ishirini na nne alizopima, siku tano ziliondolewa, kwa kuwa mawingu yalitanda na setilaiti haikuona kitu. Zikabaki kumi na tisa. Ya mwisho ilikuwa Jumanne ile ya mwiko.

Mkutano ulifanyika Jumamosi ya tatu ya Agosti, nje ya ofisi ya serikali ya mtaa. Watu walijaa, na uso wa kila mmoja ulikuwa umekunjwa. Bupe alisimama kwanza na karatasi. Alisema modeli imepewa vipimo vipya, na sehemu ya mabanda ya kuku imeshuka kutoka asilimia 61 hadi 34.

Kabla kelele hazijaanza, Somoe akanyanyuka.

"Asilimia zile za kwanza nilizileta mie," alisema. "Nilikuwa nawaambieni nakuja. Nyie mkaamka alfajiri, mkapindua, mkamwagia, mkanitolea gesi yote mkidhani mnanistahi. Nami nikaibeba nikaipeleka ikawashitaki. Hii miezi miwili nimewaingilia kama mwizi ili nipate banda lilivyo kila siku. Nilikatazwa kusema. Mlionitukana nimewasamehe. Na mie nisameheni."

Mtu akaangua kicheko huko nyuma. Alikuwa Zubeda. "Yaani sabuni yangu ya unga!" alisema, na mkutano mzima ukacheka, wengine mpaka machozi.

Bupe hakuwaacha wafurahi kupita kiasi. Thelathini na nne si sifuri, aliwaambia. Mabanda yaongezewe madirisha ya juu, na maranda yaondolewe yakiwa makavu. Tena jumla ya setilaiti haikupungua hata chembe. Kama kuku hawakuitoa, kuna aliyeitoa. Kompyuta sasa inaelekeza kidole upande unakotoka upepo wa kusi, kwenye mabwawa ya majitaka yaliyo mbele ya makazi, lakini bila vipimo vya chini hilo linabaki dhana. Haule alitangaza kwamba suala la kuhamisha kuku limesimama mpaka vipimo hivyo vipatikane.

Mwalimu Demetria hakucheka. Watu walipotawanyika alimwendea Somoe, akamkamata mkono na kumwekea kitu kiganjani. Ulikuwa ufunguo, umefungwa uzi mwekundu.

"Wa geti," alisema. "Usipige hodi." Akaondoka haraka, na Somoe akabaki amesimama anafuta macho, safari hii bila amonia yoyote.

Mpango wake sasa ni huu: mwezi Oktoba anaanza kupima pembeni mwa mabwawa, ambako hakuna kuku wala mwenyeji, na amekwishanunua gambuti za kukanyagia tope. Akimaliza huko anataka kurudi kufuga, kuku hamsini tu, katika banda ambalo ameshalichora nyuma ya daftari la vipimo, lenye ukuta wa chini wa tofali tatu na wavu mpaka juu.

"Nataka watu waje walione," anasema. "Waone kwamba wale mia mbili na kumi hawakufa bure."

Lakini kwanza kulikuwa na Jumanne moja zaidi, ya kipimo cha kuhakiki. Mkutano ulipopita, kura ya kompyuta iliangukia tena kwa Mwalimu Demetria, na Somoe akafungua geti kwa ufunguo wake mwenyewe. Maranda yalikuwa hayajaguswa. Manyoya yametapakaa mpaka mlangoni, yai moja limepasuka njiani na nzi wamelizunguka. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya banda, ametazama pembeni kama mtu aliyekutwa na aibu.

"Karibu mwanangu," alisema. "Banda chafu. Sijagusa kitu."

"Ahsante Mwalimu. Liko vizuri sana."

Somoe akatundika kisanduku na kuwasha pampu. Ndipo alipouona ufagio, umelazwa chini ya gauni la Mwalimu, juu ya kigoda. Alikuwa ameukalia, mikono isije ikaufuata.